Butiki zetu ziwe na saa zinazojulikana

Bwana Mhariri,

Juma lililopita mtoto wangu alitumwa mara tatu kununua chumvi na sabuni, na mara zote tatu akakuta kufuli mlangoni. Mwenye butiki ni jirani mwema, simlaumu kwa ubaya. Alikuwa shambani, kama sisi wote. Lakini mama anayeshuka kutoka shambani na mtoto mgongoni, mvua ikimpiga, anastahili kujua kama mlango utakuwa wazi.

Ulaya baadhi ya maduka hubadili saa kwa sababu siku za baridi giza huingia mapema. Hapa Buleusa tuko karibu na ikweta, jua hutoka na kuzama karibu saa ileile mwaka mzima. Kinachobadilisha saa zetu ni mvua na shamba. Mwezi wa tisa kazi ya shamba ikianza, heri butiki ifunguliwe saa kumi na mbili asubuhi, ifungwe tukiwa shambani, kisha ifunguliwe tena saa tisa mpaka giza. Kiangazi cha mwezi wa saba inaweza kukaa wazi mchana kutwa.

Kutangaza saa hizo, kibao na chaki vinatosha. Iandikwe pia kwamba ni saa ya Goma, kwa maana Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja, na wengine hurekebisha saa zao kwa redio ya huko. Na siku ya msiba au ya usalama mbovu, mwenye butiki amwachie jirani ujumbe. Sisi wateja tutamwelewa.

Msomaji wako,
Buleusa, Walikale