Mikono ya Bibi na Kiti cha Mtoto Garini



Jumanne iliyopita, darsa ya kina mama ilipokwisha, binti mmoja alinisubiri mlangoni penye viatu, mtoto wake amembeba kiunoni. "Maalim, nisamehe, suali langu si la dini," akaanza. "Mume wangu amejaaliwa gari, na shangazi yake aliyeko Dubai ataka kutuletea kiti cha kumkalisha mtoto garini. Mama mkwe asema ni israfu. Mtoto hupakatwa, na mikono ya mamake ndiyo kiti chake. Nami sijui nimfuate nani."

Nilimjibu kwamba suali lake ni la dini kuliko alivyodhani, kwa kuwa mtoto ni amana, na yule bedui aliyeuliza habari ya ngamia wake aliambiwa amfunge kwanza, kisha ndipo amtegemee Mola wake. Halafu nikakiri mbele yake kwamba hadi miaka mitatu iliyopita nami nilikuwa upande wa mama mkwe.

Siku hiyo tulikuwa twaenda Malindi kwenye akika. Mimi ndiye niliyeshika usukani. Mke wangu alikaa mbele, kando yangu, amempakata mjukuu wetu wa miezi tisa. Karibu na Mtwapa tuktuk ikatoka kando ya barabara bila ya kutazama, nami nikakanyaga breki. Hatukugongana na mtu. Mwendo wetu haukuwa mkubwa. Lakini mtoto alichomoka mikononi mwa bibi yake, akaipiga dashibodi kwa kipaji cha uso. Tuligeuza gari tukampeleka hospitali, akaangaliwa, tukaambiwa ni uvimbe tu, alhamdulillah. Akika hatukufika. Na njia nzima ya kurudi mke wangu, ambaye mikono yake yakanda unga wa mahamri ya harusi nzima, alikuwa akisema neno moja tu: "Nilimshika. Wallahi nilimshika."

Ni kweli alimshika. Ubaya ni kwamba kushika hakutoshi, nami ndiye niliyepaswa kulijua hilo kabla ya kuwasha gari.

Tulifahamu jambo lilivyo. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, kila kilichomo ndani yake, mtu, kikapu cha maembe au mtoto, kinakwenda mwendo uo huo. Likigonga na kusimama ghafla, kilichofungwa husimama pamoja nalo, na kisichofungwa huendelea na safari yake. Katika kishindo cha namna hiyo mtoto wa kilo 10 humvuta aliyemshika kwa nguvu ya mzigo wa kilo 300 hivi, yaani zaidi ya magunia matatu ya mahindi. Hapana mama wala baba awezaye kuyazuia magunia matatu kwa mikono miwili, hata angekuwa mchukuzi wa bandarini. Na wako wanaodhani wamepata hila kwa kujifunga wao na mtoto mkanda mmoja. Hilo ni baya zaidi, kwani uzito wa mkubwa humsukuma mdogo juu ya mkanda na kumbana tumboni.

Basi kiti ni lazima. Suala ni kiti gani, na hapa ndipo wazazi wengi wanapokosea, hata wale wenye uwezo. Huingia dukani wakatazama rangi, ulaini wa mto na bei. Vitu vya kutazamwa ni vingine: kimo na uzito wa mtoto wako hivi leo, gari lako, na uelekeo wa kiti.

Nianze na uelekeo, maana ndio wenye ubishi. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wake wote, na shingo yake ni laini, mifupa yake haijakomaa. Akikaa kutazama mbele na gari likagonga, mikanda huushika mwili, lakini kichwa kile kizito hutupwa mbele na shingo ndiyo ibebayo kishindo chote. Akikaa kutazama nyuma, kichwa, shingo na mgongo huegemea kiti kwa pamoja, na kishindo hutawanyika mgongoni mzima. Wazo hili lilianzia Sweden. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 profesa mmoja wa huko, Bertil Aldman, aliwaona wanaanga wa vyombo vya Gemini vya Marekani walivyolazwa chali ili miili yao ihimili msukumo wa chombo, akajiuliza kwa nini mtoto garini asikingwe kwa njia iyo hiyo. Kiti chake cha majaribio kilikuwa tayari mwaka 1964. Hadi leo Waswidi wengi huwaacha watoto wao watazame nyuma mpaka wafike umri wa miaka minne.

Sisi tuna haraka. Mtoto akianza kusimama dede tu twasema ameshakuwa mkubwa, mgeuze aone njia. Kina mama huniambia miguu inamkunja, ataumia. Watoto hukaa wamekunja miguu mkekani kutwa na hawalalamiki. Mguu uliokunjwa si hatari, hatari ni shingo. Kanuni ya sasa ya Umoja wa Mataifa, namba 129, yakataza mtoto kugeuzwa mbele kabla ya kutimiza miezi 15 na kimo cha sentimita 76, na hicho ni kiwango cha chini kabisa. Madaktari wa watoto wa Marekani kupitia chama chao wao hawataji mwezi wala mwaka. Wasema aendelee kutazama nyuma maadamu hajapita uzito au kimo kilichoandikwa kwenye kiti chake.

Ndiyo sababu nasema mtoto apimwe, asihesabiwe miezi tu. Kadi ya kliniki ina uzito wake. Kimo chake mpimeni nyumbani kwa tepu ya fundi cherehani, mtoto akiwa amelala chali. Kiti cha kutazama nyuma humwisha mtoto pale utosi wake unapokaribia ukingo wa juu wa kiti, zikabaki kama sentimita mbili na nusu, au uzito unapopita ule ulioandikwa. Cha kutazama mbele chenye mikanda yake humwisha mabega yanapopita tundu la juu kabisa la mikanda. Baada ya hapo kuna kiti cha kumwinua tu, ili mkanda wa gari lenyewe umpite penye mtulinga na nyonga badala ya kumpita shingoni na tumboni. Hiki watu hukidharau, nacho chahitajika kwa miaka mingi: sheria ya Uingereza yamtaka mtoto akitumie mpaka kimo cha sentimita 135 au umri wa miaka 12, na ya Ujerumani mpaka sentimita 150. Wa darasa la tatu wetu karibu wote wangalihitaji kukikalia.

Ama kuhusu gari. Kiti kizuri kisichoshikana na gari lako ni fanicha tu. Kuna vinavyofungwa kwa mkanda wa gari, na kuna vinavyonasa kwenye vyuma vya ISOFIX vilivyofichwa baina ya mgongo na kikalio cha kiti cha nyuma. Ingiza vidole pale uvitafute kabla ya kununua. Magari mengi yatufikiayo kutoka Japani yanavyo, mengine hayana, na wauzaji wetu aghalabu hawajui. Tazama pia mkanda wa katikati: katika magari mengi ya zamani ni wa kiunoni pekee, na viti vingi havikubali kufungwa kwa huo. Ukishakifunga, kishike pale mkanda unapopita ukitikise kwa nguvu. Kikisogea zaidi ya sentimita mbili na nusu, hujakifunga bado.

Pahala pake ni nyuma. Kwa kuwa sisi twaendesha upande wa kushoto wa barabara, nyuma kushoto ndiko kufaako zaidi, maana mtoto hushushwa upande wa wapita kwa miguu, si upande wa magari. Na kiti kitazamacho nyuma kisiwekwe kamwe mbele, kwenye mfuko wa hewa unaofanya kazi. Mfuko ule hufumuka kwa kasi kuliko kupepesa jicho, ukakipiga kiti mgongoni, palepale kilipo kichwa cha mtoto. Nikikumbuka kwamba mjukuu wangu alikuwa amekaa mbele ya dashibodi ile yenye mfuko ndani yake, hata sasa mwili hunisisimka.

Mitumba nisiifiche, kwa kuwa kiti kipya ni ghali na wengi wetu twanunua kilichotumika. Sikatazi. Ila kiti kilichokuwamo garini wakati wa ajali kubwa hakifai tena, hata kama hakionyeshi ufa, na sokoni hapana wa kukuelezea historia yake. Chukua cha ndugu au jirani unayemwamini. Kipindue utazame tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, kwani plastiki huchoka, na jua letu halilisaidii. Tafuta lebo: cha Ulaya huwa na herufi E ndani ya duara, na cha Marekani hutaja kanuni FMVSS 213. Kisicho na lebo yoyote kiache, hata ukipewa bure. Na kama familia yatarajia akika, badala ya kila shangazi kuleta seti ya nguo zitakazombana mtoto baada ya miezi mitatu, wachange wanunue kiti kimoja. Sioni aibu hapo.

Kumfunga mtoto nako kuna mambo yake. Gauni la Idi lenye marinda ya kuvimba, au blanketi chini ya mikanda, huifanya mikanda ionekane imekaza na kumbe imelegea. Mfunge kwanza, kisha umfunike kwa leso ukitaka. Jaribu kuufinya mkanda penye mtulinga kwa vidole viwili. Ukipata kipande cha kufinya, kaza zaidi. Kiti kikitazama nyuma, mikanda itoke usawa wa mabega au chini kidogo. Kikitazama mbele, usawa wa mabega au juu kidogo. Kwa mtoto mchanga, kiti kilazwe kiasi kidevu kisije kikaangukia kifua na kumziba pumzi. Safari ndefu kama ya Nairobi, simameni kila baada ya saa mbili hivi mumtoe anyooke.

Na joto letu mwalijua. Gari likiegeshwa juani, kifunikeni kiti kwa leso ya rangi nyepesi, na mguse bizimu za chuma kwa mkono wenu kabla hazijagusa paja la mtoto. Mtoto aliyelala asiachwe ndani "dakika moja tu" mama aingie dukani, hata vioo vikiwa wazi kidogo. Dakika ile hurefuka, na gari hugeuka tanuri upesi kuliko tunavyofikiri.

Najua wengi wanaosoma safu hii hawana gari. Hupanda matatu na tuktuk, na humo kiti cha mtoto aghalabu hakifungiki. Kwao sina jibu la kuridhisha. Naweza kusema tu kwamba kwenye matatu msikae mbele kando ya dereva na mtoto, jifungeni mkanda wenu peke yenu, msiuvushe juu yake, na mwambieni dereva apunguze mwendo, kwa sauti, bila ya haya. Dereva aghalabu humsikiliza mama mwenye mtoto mapajani kuliko anavyonisikiliza mimi.

Nirudi kwa yule binti. Nilimwambia akampime mtoto kwanza, kisha amwombe shangazi picha ya lebo ya kiti alichokichagua. Alirudi siku ya pili: kilo 9, sentimita 72, miezi tisa kamili, umri uleule wa mjukuu wangu siku ile. Kiti cha shangazi kilikuwa cha kutazama mbele, kimeandikwa "kilo 9 hadi 18". Kwa kanuni ile ya zamani, namba 44, mtoto angekubalika, maana kilo tisa amezitimiza. Nikamshauri amwombe shangazi abadilishe, alete kiwezacho kutazama nyuma sasa na kugeuzwa mbele baadaye. Shangazi hakushangaa hata kidogo. Kule Imarati sheria imewalazimu wazazi kuwakalisha watoto wa chini ya miaka minne kwenye viti vyao tangu 2017, na duka alilonunulia likambadilishia.

Gari lao lina ISOFIX, tumevitafuta vyuma pamoja na mumewe baada ya Alasiri, amejaa vumbi mkono mzima. Kiti chatarajiwa kufika mwisho wa mwezi. Mama mkwe, nimearifiwa, bado asema ni israfu, lakini amekwishachagua nafasi yake: nyuma, kando ya mjukuu, ambako wataweza kutazamana uso kwa uso.

Wassalaam.