Majina ya waliozama na Khedive Ismail yangoja wasomaji

KWA mkazi wa Kiogoro, katika vilima vya Kisii, Bahari ya Hindi iko mbali mno. Hata hivyo, msiba mkubwa zaidi kuwahi kuwapata askari wa Afrika Mashariki baharini katika Vita vya Pili vya Dunia unahusu nyanda hizi za bara vilevile, kwani wakoloni waliandikisha vijana huku pia. Nao Abagusii humzika mtu nyumbani kwake. Aliyezama huzikwa wapi?

Meli ya Khedive Ismail, iliyoundwa Uskoti mwaka 1922 kubeba abiria, iling'oa nanga Mombasa Februari 5, 1944, ikielekea Colombo pamoja na nyingine nne. Ilisheheni watu zaidi ya 1,500, wakiwemo wauguzi na Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki. Februari 12, karibu na Maldives, nyambizi ya Japani, I-27, iliipiga kwa topido mbili. Ilizama kwa chini ya dakika tatu. Waliokuwa vyumba vya chini hawakuwahi ngazi. Watu 1,297 waliangamia.

Yaliyofuata yangali yanazua mjadala. Manowari ya Paladin ilishusha mashua kuwaokoa waliokuwa wakielea, lakini nyambizi ilikuwa imejificha chini yao. Petard ikatupa mabomu ya kulipukia majini, na baadhi ya manusura wakauawa na wenzao. Hatimaye I-27 ilizamishwa. Binafsi naona vigumu kumlaumu nahodha wa Petard, kwani meli nne zilizosalia, zenye maelfu ya askari, zingeweza kufuata. Wa kuulizwa ni waliotuma meli tano na walinzi watatu tu.

Angalau waliokufa hawakusahauliwa kabisa. Majina yao yamechongwa kwenye Mnara wa Afrika Mashariki, makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, Nairobi. Wazee wao wa Vita vya Kwanza hawakupata hata hilo: sanamu za askari jijini humo, za mwaka 1928, hazina jina hata moja. Mwaka 2021, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi kwa ubaguzi huo.

Lakini ukuta wa Nairobi hausomwi Kiogoro. Serikali za kaunti zinaweza kuyanakili majina hayo na kuyapeleka kwa machifu na shule, ili ukoo uliompoteza kijana ujue alikoishia.