Old School RuneScape: Wahusika wanazaliwa sawa, lakini saa ya Venezuela si saa ya Ulaya

Kila mtu anayeingia kwa mara ya kwanza katika Old School RuneScape, mchezo wa intaneti wa kampuni Jagex ya mji wa Cambridge, Uingereza, anaanzia pahali pamoja na wengine wote: kisiwa kidogo cha mafunzo. Hapo anatengeneza mhusika wake. Anachagua nywele, nguo, rangi ya ngozi na jina. Hachagui kabila wala kazi, hasemi kama atakuwa mchawi au mpiga upinde, tofauti na michezo mingine ya namna hii kama World of Warcraft. Anafundishwa kuwasha moto, kuvua kwa wavu mdogo, kuoka mkate, kuchimba madini na kuua panya. Kisha anatumwa katika mji wa Lumbridge, akiwa na shoka, sururu, upanga mbaya na ngao ya mbao. Mtoto wa waziri na mtoto wa muuza makala wanaanza na vitu vilevile.

Usawa huo ni sehemu kubwa ya utamu wa mchezo, na wapenzi wake wanaulinda kwa wivu. Lakini kwa miaka mingi sasa kuna wachezaji ambao kuwako kwao kunaonyesha mpaka wa usawa huo. Ni raia wa Venezuela, wanaoketi mbele ya kompyuta saa nyingi kwa siku, wakiua majoka yaleyale, wakikusanya sarafu za mchezo na kuziuza kwa dola za kweli ili jamaa zao zipate kula. Kampuni inawahesabu kuwa wavunja sheria. Wachezaji wengine wanawahurumia, wengine wanawawinda.

Ili kuelewa namna jambo hili linavyowezekana, lazima kuangalia mchezo wenyewe unavyokwenda. Mhusika hakui kwa ujanja wa mikono; anakua kwa muda. Kila ujuzi, iwe kukata miti, kupika, kuvua au kupigana, unapanda kutoka kiwango cha 1 mpaka cha 99. Kufikia 99 kunadai alama 13,034,431, na mtu aliyefika kiwango cha 92 ndiye yuko katikati ya njia. Wala hilo si kosa la hesabu: viwango saba vya mwisho vinakula kazi sawa na vyote vilivyotangulia. Ni kubonyeza, kungoja na kubonyeza tena, kwa majuma na miezi.

Kwa hiyo, kitu kinachouzwa kweli katika soko la mchezo ni saa za mtu. Mfano unaojulikana zaidi ni wa majoka ya kijani. Yanaishi katika eneo linaloitwa Wilderness, pori la kaskazini ambako mchezaji mmoja anaruhusiwa kumuua mwingine na kuchukua mali yake. Joka likifa linaacha mifupa na ngozi. Mifupa inatafutwa na wachezaji wanaotaka kupandisha ujuzi wa sala. Ngozi inatakiwa na wale wanaojifunza ufundi wa kushona mavazi ya vita. Mwanafunzi wa London au mfanyakazi wa Chicago aliye na saa mbili tu jioni hataki kuzimaliza akikimbizana na majoka. Anapenda kununua mifupa tayari. Kama hana sarafu za kutosha, jaribu la kuzinunua kwa dola liko karibu, katika tovuti zisizoruhusiwa na kampuni.

Bei yake ni ndogo mno kwa mnunuzi. Kwa miaka mingi sarafu milioni moja zimeuzwa kwa karibu dola moja au chini yake, na muuzaji wa kwanza hapati yote, sababu tovuti inayonunua kwake inauza tena kwa faida. Muingereza atacheka akisikia kwamba mtu anafanya kazi siku nzima kwa dola chache. Lakini hesabu inabadilika kabisa ukiipeleka Caracas au Maracaibo.

Uchumi wa Venezuela ulianguka vibaya kisha bei ya mafuta ya petroli kushuka kuanzia 2014. Banki kuu ya inchi hiyo yenyewe ilitangaza kwamba mwaka wa 2018 bei zilipanda kwa asilimia 130,060. Serikali ilifuta sifuri tano kwenye feza yake, bolivar, katika 2018, kisha ikafuta zingine sita katika 2021. Zaidi ya watu milioni saba wameondoka katika inchi. Mshahara wa chini, uliowekwa kuwa bolivar 130 kwa mwezi katika Machi 2022, ulikuwa na thamani ya karibu dola 30 siku hizo. Kufikia mwisho wa 2025 haukufika hata dola moja. Ni kweli kwamba serikali inaongeza juu yake misaada mbalimbali, na bila misaada hiyo hakuna ambaye angeweza kuhesabu mshahara huo kuwa kitu. Hata hivyo, usajili wa mwezi mmoja wa mchezo unapita dola kumi. Mwalimu wa Venezuela anayepima mshahara wake kwa usajili huo anajua ni upande gani wa kioo ulio na uchumi wenye nguvu.

Msomaji wa Goma au Bukavu, ambako banki zilifunga milango mwanzoni mwa 2025, hahitaji kufundishwa kwa nini mtu anapenda kushika dola kuliko feza ya karatasi inayopungua thamani mkononi. Tofauti ni kwamba raia wa Venezuela waliokuwa na umeme wa bei ya chini, mstari wa intaneti na kompyuta ya zamani walikuwa na mlango ambao wengine hawana. Serikali ilikuwa imegawia wanafunzi mamilioni ya kompyuta ndogo zinazoitwa Canaima tangu 2009. Na Old School RuneScape, iliyofunguliwa Februari 2013 kutokana na nakala ya mchezo ya Agosti 2007, haidai mashine yenye nguvu. Tangu Oktoba 2018 inachezwa hata kwenye telefone.

Umeme wenyewe, lakini, si wa kutegemewa. Tarehe 7 Machi 2019 kituo kikubwa cha umeme cha Guri kilishindwa na karibu inchi nzima ikaingia gizani kwa siku kadhaa. Hospitali ziliteseka, maji yalikosekana. Kati ya kazi zilizosimama siku hizo ilikuwa pia hii ya majoka, ambayo haimo katika kitabu chochote cha takwimu za serikali.

Kazi hiyo ina hatari yake. Anayeuawa Wilderness anabaki, kwa kawaida, na vitu vitatu tu vya thamani zaidi. Vingine vinakwenda kwa muuaji. Kwa hiyo muuaji wa majoka anayetafuta mkate anaingia na silaha za bei ndogo, chakula, na ngao ya kukinga moto, ambayo mtawala wa Lumbridge anaitoa bure. Anajua siku moja atavamiwa. Mwaka wa 2017 mchezaji mmoja alisambaza kwenye intaneti maelekezo ya namna ya kuwatambua na kuwaua Wavenezuela walioko kwenye majoka ya upande wa mashariki. Maandishi hayo yalizusha ugomvi mkubwa. Wengine walisema ni mchezo tu, Wilderness ni ya kuuana. Wengine walijibu kwamba anayepoteza hapo hapotezi mifupa ya kompyuta. Anapoteza chakula cha jioni.

Wote wawili walikuwa na sehemu ya haki, na hapo ndipo jambo hili linakuwa gumu. Sheria za mchezo hazimlindi mtu juu ya umasikini wake, na hakuna mchezo unaoweza kufanya hivyo ukabaki mchezo. Lakini kuwinda watu kwa sababu ya inchi yao ni jambo lingine. Mhusika hana pasipoti, yule mwindaji ndiye aliyempa moja.

Upande wa kampuni nao unastahili kusikilizwa. Jagex haikuanza jana kupigana na biashara ya sarafu. RuneScape ya kwanza ilifunguliwa Januari 2001, na miaka michache baadaye wauza sarafu walikuwa wakilipa usajili kwa kadi za banki zilizoibwa, deni likirudi kwa kampuni. Desemba 2007 ilifuta kuuana katika Wilderness, na Januari 2008 ikaweka mpaka kwa kila biashara kati ya wachezaji: huwezi tena kumpa rafiki yako mali bila kupokea kitu cha bei inayolingana. Biashara haramu iliumia. Wachezaji waliumia pia. Walifanya maandamano ndani ya mchezo, wahusika wao wakijaa katika viwanja vya miji, na wengi wakaondoka. Kisha kampuni ikaitisha kura: zaidi ya watu milioni moja walipiga, asilimia 91 wakataka uhuru wa zamani. Februari 1, 2011 ulirudishwa, na wauza sarafu wakarudi pamoja nao.

Tangu hapo Jagex imejaribu njia nyingine. Katika Old School, tangu 2015, inauza hati inayoitwa Bond. Mchezaji mwenye dola anainunua kwa kampuni, anaiuza kwa sarafu katika soko kuu la mchezo, na aliyeinunua kwa sarafu anaitumia kulipa usajili wake wa siku 14. Ni ujanja mzuri: tajiri anapata sarafu bila kwenda kwa mchuuzi haramu, masikini anacheza bila kutoa dola. Wavenezuela wengi wanalipa usajili kwa njia hiyo, maana yake majoka ya kwanza ya kila juma mbili yanakufa kwa ajili ya kampuni.

Lakini angalia vizuri mlango huo unafunguka upande gani. Dola inaingia katika mchezo kwa ruhusa. Kutoka, hairuhusiwi. Kununua sarafu kwa feza ya kweli, kupitia Bond, ni huduma; kuuza sarafu kwa feza ya kweli ni kosa la kufungiwa akaunti. Kampuni inasema inalinda usawa wa wachezaji, na kuhusu roboti, yaani programu zinazocheza zenyewe usiku na mchana bila mtu, ni vigumu kuikatalia. Roboti zinashusha bei ya kila kitu, na wa kwanza kuumizwa nazo ni huyo anayebonyeza kwa vidole vyake. Kuhusu mtu wa kweli, neno usawa linakuwa jembamba. Mwaka wa 2024 kampuni hiyo ilinunuliwa na wawekezaji wa CVC na Haveli kwa bei iliyoripotiwa kuwa pauni milioni 900. Thamani hiyo imejengwa, kwa sehemu fulani, juu ya ulimwengu uliojaa watu wanaokusanya mifupa, ngozi na madini ambavyo wengine hawataki kukusanya.

Wachezaji wenyewe wametafuta usawa kwa njia yao. Tangu 2014 anayetengeneza mhusika mpya anaweza, akiwa bado kisiwani, kuchagua kuwa Ironman. Mhusika wa namna hiyo hafanyi biashara na mtu yeyote. Kila upanga anaufua mwenyewe, kila samaki anamvua mwenyewe, na alama ya kofia ya chuma inasimama mbele ya jina lake ili wote wajue. Wengi wanaona hiyo ndiyo heshima ya juu kabisa ya mchezo, na ni kweli inapendeza kuona mtu aliyejenga kila kitu kwa jasho lake. Ila jasho hilo halilipi kodi ya nyumba. Kwa mtu wa Maracaibo, kuchagua Ironman ni sawa na kufungua duka ambalo mlango wake umejengwa kwa matofali.

Venezuela haikuwa ya kwanza. Mwaka wa 2001 mtaalamu wa uchumi Edward Castronova alipima ulimwengu wa Norrath, wa mchezo EverQuest, akakuta kwamba mchezaji anazalisha pale thamani ya dola 3.42 kwa saa, na kwamba pato la kila mkaaji wake liko kati ya Urusi na Bulgaria. Miaka iliyofuata China ilijaa vyumba vya vijana waliolala kwa zamu karibu na kompyuta zao, wakichuma sarafu za World of Warcraft kwa wateja wa Marekani. Ripoti iliyotolewa na Banki ya Dunia mwaka wa 2011 ilikadiria biashara hiyo, pamoja na kukuza wahusika wa watu wengine, kuwa dola bilioni 3 kwa mwaka 2009, na wafanyakazi wake kuwa karibu laki moja. Hakuna chama kinachowatetea hata leo. Mwajiri hayuko, mkataba hauko, na kitu wanachouza, kisheria, si mali yao: sarafu zote ni za kampuni.

Ndiyo sababu adhabu ya kufungiwa akaunti inaanguka kwa uzito tofauti. Kwa kijana wa Ulaya ni hasira ya jioni moja. Kwa mwingine ni chombo cha kazi kilichochukuliwa bila barua ya kujitetea mbele ya hakimu yeyote, pamoja na sarafu ambazo hazikuwa zimeuzwa bado. Wanaofungiwa wanajua la kufanya. Wanafungua anwani mpya, wanachagua tena nywele na jina, wanatua kisiwani na wavu mdogo mkononi. Joka la kijani lina kiwango cha vita cha 79. Wao wako kwenye cha 3.