Mtumbwi haumaliziki, wala programu!

Najua nimepotea. Testi zilinibana, bumu likachelewa, yaani hata hamu ya kuandika ilikata. Leo nimerudi na nina hasira kidogo, kwa hiyo mnisamehe nikipayuka.

Juzi tumekaa kwenye vimbweta, rumu meti wangu akatoa hukumu: "Programu ikishafanya kazi, usiiguse. Halafu laibrari zenyewe si za bure?" Watu wakacheka, wakagonga mikono. Mimi nikanyamaza. Kauli hiyo niliiishi mwenyewe, na iliniumbua nyumbani kwetu Bangwe.

Kwa wasiosoma kompyuta: laibrari ni kodi (si ile ya TRA!) iliyoandikwa na mtu mwingine, mara nyingi wa kujitolea ambaye hamtaonana maishani. Unaichukua, unaiweka ndani ya programu yako ili usianze na moja. Hakuna ubaya. Ubaya uko mbele.

Mwaka 2024 nilikwenda fildi kwenye sekondari moja kule kwetu. Nikaona walimu wanavyokesha na kikokotoo kila matokeo yakikaribia, nikawatengenezea kaprogramu kwa PHP. Unaingiza alama, kanatoa wastani, divisheni na jedwali la Excel. Hilo jedwali lilitolewa na laibrari inaitwa PHPExcel, niliyoirithi kwa kaka mmoja aliyekwishahitimu. Nilikopi folda nzima, ikakubali, nikapigiwa makofi ofisini. Nikapanda treni kurudi chuo, kichwa kikubwa kama boga.

Juni 2025, saa tatu usiku, mwalimu wa taaluma akanipigia. "Mwalimu, kile kitu chako kimekufa." Walipata kompyuta nyingine, wakaweka XAMPP mpya yenye PHP 8. Wakifungua programu, ukurasa mweupe peeee!

Kumbe PHPExcel ilitangazwa kustaafu tangu 2017, na wenyewe wakasema wazi watu wahamie PhpSpreadsheet. Kodi yake ya zamani ilikuwa inaokota herufi ndani ya neno kwa mabano haya {}. PHP 8, iliyotoka Novemba 2020, haiyatambui tena kwa kazi hiyo, inataka haya []. Na PHP 7.2 niliyokuwa naringia kwenye laptopu yangu ilikoma kutunzwa Novemba hiyohiyo. Yaani nilipokuwa napigiwa makofi 2024, nilikuwa nawakabidhi maiti iliyovalishwa suti!

Walimu wakarudi kwenye kikokotoo, usiku mbili. Alama za Kemia za binti mmoja zikaandikwa mstari wa mwenzake, jina lake likakatwa kwenye orodha ya kambi ya masomo. Mama yake alitoka sokoni na kapu la dagaa kichwani kuja kuuliza. Alirudishiwa nafasi, lakini siku nne zilishapita. Nani mkosaji? Walimu? PHP? Jamani, ni mimi.

Msidhani ni yangu tu. Ushahidi ya Kenya mnaijua, ile ramani iliyozaliwa baada ya vurugu za uchaguzi, 2008, na ikatumika hadi Haiti kwenye tetemeko la 2010. Fahari ya Afrika Mashariki. Nayo ilijengwa juu ya freimuweki ya watu wengine, Kohana. Kohana ikafa. Ushahidi ingekubali kufa nayo? Hapana, wakajenga upya na kuhamia Laravel. Kazi kubwa, na hakuna aliyewapigia ngoma kwa hiyo.

Au DHIS2, ambako zahanati na hospitali zetu zinapeleka takwimu. Imeandikwa kwa Java. Desemba 2021 likatangazwa shimo kubwa la usalama kwenye laibrari ya Log4j, na wenye DHIS2 wakatoa matoleo ya kuliziba harakaharaka. Sasa jiulize, kama kwenye kituo fulani anakaa fundi wa "ikifanya kazi usiiguse", tundu lile lingezibwa na nani?

Kuna wenzangu wanasema dawa ni kuandika kila kitu wenyewe. Sawa bwana, anza kuandika kifungua mafaili ya Excel, tukutane ukishazeeka. Wengine wanasema tununue za kampuni. Za kampuni nazo zimejaa laibrari za hao hao wa kujitolea, tofauti ni kwamba huruhusiwi kuchungulia.

Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi, Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, baba mdogo hakulala. Mtumbwi aliupandisha mchangani, akawa anagonga ubao mmoja mmoja kusikiliza uliooza. Ubao si yeye aliyeupasua, msumari si yeye aliyeufua. Lakini ukizama na vijana wake usiku, hatasema "muulizeni mpasua mbao". Nilipita pale kila asubuhi nikienda fildi na nisijifunze kitu, msomi mzima!

Ndiyo maana nasema, na idara zinisikie: tunapewa maksi siku ya kuonesha, projekta inawaka, tumevaa tai. Mwaka unaofuata hakuna anayeuliza kama kile kitu bado kinapumua. Basi hata maksi kumi ziwe za utunzaji. Mwanafunzi akabidhi ukurasa mmoja: laibrari zipi, toleo gani, nani anazitunza, na zikifa tunahamia wapi. Anayetumia Composer asikopi mafolda kama mimi. Aandike "composer outdated" na "composer audit" angalau mara moja kwa muhula. Dakika tano, chini ya muda wa kupanga foleni ya wali maharage.

Na sisi wa ualimu ndio tusiwe na kisingizio kabisa. Mtaala ukibadilika tunabadili andalio la somo. Hakuna anayesema notisi zangu za zamani zilifanya kazi, msiniguse.

Mimi nililipa deni langu. Siku tatu nilikesha kuhamishia PhpSpreadsheet, likizo nikaenda kuiweka mwenyewe, na karatasi ya utunzaji nimeibandika ukutani kwa mwalimu wa taaluma. Namba yangu iko chini. Akipiga saa tatu usiku, napokea.

Rumu meti, najua unasoma. Jibu lako nalisubiri vimbweta, soda juu yangu. Alamsiki!