Makubaliano bila Batwa haiko haki

Wandugu vijana wa Kalemie,

Kila tukizungumza juu ya Batwa, kuna mtu anatujibu: "Ile ni desturi, wazee walikubaliana vile." Sawa. Ni wazee gani? Mutwa alikuwa amekaa kwenye mukeka?

Desturi yenyewe tunaijua. Mutwa analima shamba la mwingine, analipwa kidogo, mara pombe, mara muhogo. Juu ya udongo hana neno. Muluba anaweza kuoa binti ya Batwa, lakini kijana Mutwa akiomba binti ya Baluba, inakuwa matusi. Hayo si makubaliano. Makubaliano ni pale kila mutu anaweza kusema hapana na bado akalala salama.

Tangu 2013 tuliona mwisho wake. Tarehe 30 Aprili 2015, kwenye kambi ya Vumilia, Nyunzu, Batwa wasiopungua 30 waliuawa. Wanamgambo Batwa nao walichoma vijiji vya Baluba na kuua. Familia zilikimbia mpaka hapa kwetu, Katanika. Mama Muluba aliyechomewa nyumba anadai haki sawasawa na mama Mutwa aliyezika mtoto. Hakuna desturi inayoweza kufuta deni ya mmoja wao.

Wengine wanasema: basi sheria inatosha. Ndiyo, Katiba, kifungu cha 11, inasema watu wote wanazaliwa huru na sawa. Kifungu cha 153 kinaruhusu tribinali kufuata desturi, lakini si ile inayovunja utaratibu wa umma ao maadili mema. Tuko pia na sheria nambari 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022, ya kulinda haki za Batwa na wenzao. Lakini karatasi ya Kinshasa haigawe shamba kijijini. Nani atalima wapi, kwa bei gani, hayo watu wenyewe lazima wayaongelee kwenye baraza.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: haki inatangulia, makubaliano yanafuata. Baraza inaweza kuchagua njia, lakini haiwezi kuamua nani ni mutu.

Tunadai mambo mawili. Moja: kila baraza ikae na wanawake na vijana Batwa, wenye sauti, si wa kupigwa picha. Pili: jembe moja, siku moja, bei moja.

Na wewe unayesoma, ukiita mutu kukulimia wiki hii, anzia hapo.