Siku Moja Kati ya Kutua na Kuzika

Simu ya msiba hutufikia hapa Lowell, Massachusetts, usiku wa manane, maana Kamenu, kule Thika, kumeshakucha. Tukishapewa pole, swali linalofuata ni moja: "Utafika lini?" Nasi kwa uchungu hujibu upesi mno: "Kesho kutwa nitakuwa hapo."

Tuihesabu safari vizuri. Boston hadi Nairobi ni kama kilomita 11,500 angani, na hakuna ndege ya moja kwa moja. Ile ya Kenya Airways iliyoanza Oktoba 2018 huondokea New York na kukaa angani takriban saa 14. Wengi wetu huunganisha London, Amsterdam au Doha. Ukiondoka Logan, uwanja wa ndege wa Boston, Jumatano jioni, ukaunganisha London bila hitilafu, unatua uwanja wa JKIA, Nairobi, Alhamisi usiku. Bado pasipoti, bado mizigo, bado kilomita 50 hivi za Eastern Bypass na Thika Road, upite Ruai, Kamakis na Ruiru. Unapobisha hodi Kamenu, Ijumaa imeshaingia.

Hiyo ni safari iliyonyooka. Yangu haikunyooka. Nikienda kumzika shangazi, ndege ya kwanza ilichelewa, ya pili ikaniacha, nikakesha kwenye kiti cha uwanja mmoja wa Ulaya, suti ya mazishi magotini. Nilifika Kamenu jua likielekea kuzama. Akina mama walikuwa wakisugua sufuria, na mashada yalikuwa yameanza kunyauka juu ya udongo mbichi. Baba mdogo alinishika mkono: "Tulikungoja hadi saa nane, mwanangu." Kamati ya mazishi ilipanga kwa ahadi yangu, nami niliahidi kwa saa za tikiti.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tuiambie kamati ya mazishi saa ya kubisha hodi nyumbani, siyo saa ya kutua. Tena tuombe siku moja nzima kati ya kufika na kuzika. Ombi hilo lina gharama: mochari hutoza kwa siku, na wageni waliolala matangani wanahitaji kula. Napendekeza sehemu ya kwanza ya mchango wa jumuiya ilipie siku hiyo, kabla ya jambo lingine lolote.

Tuangalie na pasipoti zetu mapema. Raia wa Kenya kwa kuzaliwa aliyechukua uraia wa Marekani anaruhusiwa na Katiba ya 2010 kubaki Mkenya. Asipokuwa na pasipoti ya Kenya, tangu Januari 2024 lazima aombe idhini ya kusafiri, eTA, kabla ya kupanda ndege, na huenda ikachukua siku tatu. Msiba haungoji siku tatu za karatasi.

Simu itakapolia tena, tusiseme "kesho kutwa." Tutaje siku, tutaje saa, na tuilipie siku ya kungojwa.