Tunamhitaji Mkwaju Mwingine



Wiki hii tunaanza na mtu ambaye hakuwahi kuishi. Wenye umri wa kutosha watamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori katika mchezo wa redio "Twende na Wakati", ulioanza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993. Mkwaju alikuwa na mke nyumbani, jina lake Tunu, na wapenzi njiani kote alikopita, hata mwisho wake akapatwa na UKIMWI. Hapa Mikumi, ambapo malori ya kwenda Zambia na Kongo hupumzika kila usiku, hadithi hiyo haikuwa ya mbali. Kituo cha Dodoma hakikuurusha mchezo huo hadi mwaka 1995, na hilo lilifanyika kwa makusudi, ili watafiti walinganishe mkoa uliousikia na mkoa ambao haukuusikia. Walikuta kwamba wengi wa wasikilizaji walikuwa wamepunguza idadi ya wapenzi wao. Hatukukubaliana na kila kilichofundishwa humo kuhusu uzazi, na msimamo wa Kanisa katika jambo hilo mnaufahamu. Lakini hatuna budi kukiri kwamba Mkwaju alisikilizwa na watu ambao mahubiri yetu hayakuwafikia.

Tumemkumbuka kwa sababu ya mama mmoja aliyetusubiri mlangoni mwa sakristia. Tunayoyaeleza hayakutoka kitubioni. Ameyasema mwenyewe na ameturuhusu tuyaandike, bila jina. Mwanawe yuko kidato cha pili. Ada ilifutwa tangu mwaka 2016, lakini mchango wa chakula upo, na mama huyu anayeuza mboga alikuwa akimkabidhi mtoto fedha hiyo kidogo kidogo, elfu tano leo, elfu tatu juma lijalo. Muhula ulipokwisha akaitwa shuleni na kuambiwa kwamba hakuna hata shilingi moja iliyofika. Zote zilikuwa zimekwenda kwenye mikeka ya mpira, na mikeka ilipochanika, kwenye dubwi.

Kilichomliza mama si fedha hiyo. Alikumbuka kwamba miezi kadhaa nyuma kijana alirudi jioni na elfu kumi, akasema amesaidia kushusha mzigo stendi. Mama akamshukuru Mungu kwa kupata mtoto mwenye bidii, akanunua sukari na mafuta ya kupikia. Sasa anajua kwamba ule ulikuwa ushindi wa kwanza. "Padri," alituambia, "ile sukari tuliinywa sote."

Tungeweza kumkemea kijana, na tulimkemea kidogo. Hata hivyo yatupasa kwanza tufahamu ni kitu gani kinachomshika. Mashine ya dubwi haina bahati ndani yake kwa maana ya kete za wazee kibarazani. Imepangwa ili kwa jumla ibakize zaidi ya inavyotoa, na hurudisha vijisarafu kwa nyakati zisizotabirika, kwa maana mchezaji asiyejua atapata lini ndiye asiyeondoka. Zaidi ya hayo ipo ile hali ya "karibu nipate", picha mbili zikilingana na ya tatu ikasimama hatua moja pembeni. Watafiti wa Cambridge walionesha mwaka 2009 kwamba kukosa kwa namna hiyo huamsha sehemu za ubongo zinazoamshwa na ushindi wenyewe, na humwongezea mtu hamu ya kuendelea, ingawa amepoteza. Mkeka unafanya kazi hiyo hiyo kwa njia nyingine: timu tisa zimeleta, ya kumi imetoa sare dakika ya mwisho. Kijana anahesabu kwamba amekosea moja tu. Kwa hesabu ya kweli amepoteza fedha yote. Na siku hizi kuna kindege cha kwenye simu, ambacho hakihitaji hata kusubiri Jumamosi.

Shirika la Afya Duniani limeiweka kamari iliyomtawala mtu katika orodha yake ya magonjwa, iliyoanza kutumika mwaka 2022. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Lancet Public Health yalikadiria kwamba takriban vijana 18 katika kila 100 walio katika umri wa kubalehe duniani walikuwa wamecheza kamari ndani ya mwaka mmoja. Basi Mikumi si peke yake, wala Kilosa si peke yake, ingawa mzazi anapokaa na aibu yake jikoni hudhani kwamba nyumba yake ndiyo iliyolaaniwa.

Na sheria je? Ipo tangu mwaka 2003, na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ipo, na mtu aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Lakini tulipokwenda Kilosa mjini kwa kikao tuliikuta mashine ndani ya duka linalouza madaftari, na aliyekuwa mbele yake alikuwa amevaa sare ya shule. Laini za simu zimesajiliwa kwa alama za vidole, naam. Ila laini ni ya kaka, au ya baba aliyelala. Hatudhani kwamba askari mmoja wa kata ataweza kulinda kila kibanda, na hatutaki kumtwika mzigo ambao wazazi, walimu na sisi mapadri tumeukwepa.

Tena mtoto huyu anaishi ndani ya sauti moja tu. Mwaka 2017 Simba na Yanga, mahasimu wasiokubaliana hata juu ya hali ya hewa, zilivaa kifuani jina la kampuni ile ile ya kubeti. Mwezi Julai mwaka huo Everton ya Uingereza, iliyokuwa na mdhamini huyo huyo, ilikuja Dar es Salaam, na Wayne Rooney akafunga bao dhidi ya Gor Mahia ya Kenya. Nchi nzima ilifurahi, nasi tulifurahi. Hatusemi kwamba yeyote alivunja sheria. Tunasema kwamba kijana aliyekuwa na miaka saba siku ile amekua akijua kwamba mpira na kubeti ni kitu kimoja, na hakuna aliyemsimulia hadithi nyingine.

Hapo ndipo tunapomtaka Mkwaju mwingine, safari hii katika runinga. Nchi hii inao waigizaji na waandishi. "Siri ya Mtungi", iliyotengenezwa Bagamoyo na kuanza kuoneshwa mwaka 2012, ilithibitisha kwamba tamthilia ya Kiswahili inaweza kuzungumza juu ya afya na bado watu wakakimbilia kuitazama. Tunaomba tamthilia ya kijana wa sekondari na mkeka wake. Tena tunaomba isiwe kama ule mchezo wa Kikorea uliotazamwa dunia nzima mwaka 2021, "Squid Game". Mle mna baba anayechukua kadi ya benki ya mama yake mzazi akacheze kamari ya farasi, na sehemu hiyo ni ya kweli kabisa. Lakini kisha yanakuja mauaji, na mtazamaji anaondoka akikumbuka damu. Kwetu hapa hakuna damu. Kuna mia tano. Kuna uongo mdogo kuhusu mzigo wa stendi. Kuna mwalimu anayeona kwamba mwanafunzi wake anasinzia, asijue kwamba usiku alikuwa chini ya blanketi na simu. Mwandishi atakayeiweka mia tano hiyo katikati ya hadithi, na kuiacha iume polepole, atakuwa ametufanyia kazi kubwa.

Tunaomba pia asimponye kijana katika sehemu moja. Mtakatifu Kamili wa Lellis, aliyezaliwa Italia mwaka 1550, alijifunza kete na karata akiwa kijana askarini pamoja na baba yake, ambaye naye alikuwa mcheza kamari. Alipokuwa hospitalini Roma, mgonjwa wa mguu na mtumishi kwa wakati mmoja, alifukuzwa, na karata zilikuwa miongoni mwa sababu. Mwaka 1574 huko Napoli alipoteza kila alichokuwa nacho, hata shati. Uongofu wake ulikuja mwaka uliofuata, baada ya kuanguka mara nyingi, na yeye ndiye aliyeanzisha shirika la watumishi wa wagonjwa. Wengi wetu tunamjua kwa wauguzi na hospitali. Karata zake hatuzitaji katika sikukuu yake ya tarehe 14 Julai, na pengine tulipaswa kuzitaja.

Na padri katika tamthilia hiyo asiwe mwenye majibu. Katekisimu haisemi kwamba kila mchezo wa bahati ni dhambi. Inasema unakuwa uovu pale unapomnyima mtu mahitaji yake au ya wale anaowatunza, na inaonya juu ya utumwa. Lakini sisi nasi tumeuza tikiti za bahati nasibu kwa ajili ya paa la kanisa, tukawapa watoto wa Utoto Mtakatifu wazizungushe nyumba kwa nyumba. Kijana wa mama yule alitukumbusha jambo hilo kwa adabu, huku akiangalia chini. Hatukuwa na la kumjibu, na tikiti za mwaka huu hatutazichapa.

Sasa anakuja Jumamosi mchana, saa za mechi, kumwagilia bustani ya parokia. Majuma mawili alikuja, juma la tatu hakuonekana, la nne akaja. Simu anaiacha kwa mama. Juzi mama alirudi na swali lililotushinda, nasi tunalipeleka kwa yeyote mwenye kipaji cha kuandika: kijana ameanza kulipa kidogo kidogo ule mchango wa chakula kwa kazi za vibarua, je, na ile sukari aihesabu?